Yale madoa meusi kwenye joho la mfalme ni mikia: habari za ermini na manyoya yake ya baridi

Mi ni fundi cherehani, nashona majoho. Ya kwaya, ya mahafali, ya maharusi wanaopenda kuvaa kipwani, na ikifika Novemba ndo huwaga silali kabisa maana chekechea zote zinataka majoho na kofia kwa wakati mmoja. Sasa mwaka jana akaja mama mmoja na picha kwenye simu, mwanae anaigiza mfalme kwenye igizo la shule, anataka ashonewe joho kama lile la kwenye picha, jekundu la mahameli na limezungushiwa manyoya meupe yenye vidoa vyeusi. Picha yenyewe ilikuwa ya Mfalme Charles siku ya kutawazwa kwake London, Mei 6, 2023. Nikamwambia hamna shida, nikaenda Kariakoo nikapata manyoya bandia meupe, rangi nyeusi ya kitambaa ninayo, nikakaa chini nikaanza kupiga madoa kwa brashi moja moja.

Binti yangu wa darasa la sita alikuwa pembeni ananiangalia, akauliza, "Mama, huyo mnyama mweupe mwenye madoa meusi anaitwaje?" Nikamjibu haraka haraka ili niendelee na kazi, nikamwambia labda ni chui wa kwenye theluji. Akaniangalia tu. Usiku ule likanikaa kichwani, nikaanza kutafuta, na nimeendelea kutafuta na kusoma mpaka leo kwasababu kila nilipodhani nimeelewa nilikuta nimekosea tena. Naandika hapa nilichokielewa, maana nimegundua watu wengi tunaiona hii nguo kwenye picha na kwenye filamu za wafalme na wala hatujui tunaangalia nini.

Kwanza kabisa, hakuna mnyama mweupe mwenye madoa meusi ya namna ile. Hayupo. Mnyama ni mweupe mwili mzima, kitu pekee cheusi alichonacho ni ncha ya mkia. Kwahiyo kwenye manyoya halisi kila doa moja unaloliona ni mkia wa mnyama mmoja, umekatwa, umeshonewa juu ya manyoya meupe ukaning'inia. Ukihesabu madoa unahesabu wanyama. Mi nilipolijua hilo niliweka simu chini kwanza.

Sasa huyo mnyama ni nani. Kiswahili hatuna jina lake la kawaida kwasababu huku kwetu hayupo, mi nitamwita ermini, kwa kufuata Wazungu. Ndugu zake tunao lakini. Ni ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisimaji, wale wanyama warefu wa mwili, wafupi wa miguu, wakali kuliko ukubwa wao. Ila ermini ni mdogo sana, dume kubwa mara nyingi halifiki hata gramu 400, jike karibu nusu ya hapo, yaani unaweza kumshika kwenye kiganja kama angekubali, na hawezi kukubali. Anaishi kaskazini ya dunia, Ulaya, Urusi, Asia ya baridi, Canada, Marekani ya juu mpaka Greenland.

Na hapa ndo kuna fundo la kwanza linalochanganya watu. Wakati wa kiangazi cha huko, huyu mnyama wala sio mweupe. Mgongoni ni kahawia, tumboni ni rangi ya maziwa, na ncha ya mkia nyeusi. Wakati wa baridi anageuka mweupe pe, ncha ya mkia inabaki vilevile. Waingereza mpaka leo wana majina mawili, akiwa kahawia wanamwita stoat, akiwa mweupe wanamwita ermine, na ukisoma vitabu unaweza kudhani ni wanyama wawili tofauti. Ni mmoja, amebadilisha nguo tu. (Mwaka 2021 wanasayansi walimgawa katika spishi tatu, wa Ulaya na Asia, wa Amerika Kaskazini, na mmoja wa visiwa vya pwani ya Pasifiki ya Canada na Alaska, lakini wote watatu wanafanana kiasi kwamba kwa habari yetu haina shida.)

Swali linalofuata kila mtu analiuliza, anageukaje mweupe? Watu wengi tunafikiri ni baridi inamchoma manyoya yanapauka, au theluji inamwangukia. Manyoya yakishaota hayabadiliki rangi, ni kama nywele za mtu, ukitaka rangi nyingine lazima ziote mpya. Anachofanya ni kunyonyoka ya zamani na kuotesha mengine, mara mbili kwa mwaka. Masika ya huko, theluji ikianza kuyeyuka, kahawia inaanzia kichwani na mgongoni inashuka kwenda tumboni, na kabla ya baridi inakuwa kinyume, weupe unaanzia tumboni na ubavuni unapanda mpaka mgongoni. Kwahiyo kuna wiki ambazo ukimuona amevaa nusu nusu, mgongo kahawia, ubavu mweupe, kama nguo iliyoachwa mezani kabla fundi hajamaliza.

Na anayemwambia sasa badilisha sio baridi, ni urefu wa mchana. Siku zinapofupika macho yanapeleka habari kwenye ubongo, na ndani ya ubongo kuna kitezi kidogo kinachotoa homoni ya melatonini usiku, usiku ukiwa mrefu homoni inatoka kwa muda mrefu zaidi, na hiyo ndo inaamuru mwili usimamishe rangi kwenye nywele mpya zinazoota. Wanasayansi walilithibitisha mwaka 1969 huko Marekani, waliwachukua wanyama hawa kipindi ambacho siku zinarefuka na wanatakiwa kwenda kahawia, wakawawekea melatonini mwilini, na nywele mpya zikaota nyeupe ingawa mchana ulikuwa mrefu. Baridi nayo inachangia, inaharakisha au inachelewesha, na damu ya ukoo pia ina neno lake, ndo maana wa Scotland wanageuka weupe vizuri lakini wa kusini ya England wengi wanabaki kahawia au wanageuka viraka viraka, na wa Ireland kwa kawaida hawageuki kabisa.

Mi hili la urefu wa mchana lilinigusa kwasababu sisi huku hatulijui. Dar tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote kwa mwaka mzima haifiki hata saa moja, mwezi wa sita na wa kumi na mbili jua linazama karibu muda uleule, unaswali magharibi bila kushangaa. Lakini nenda Tromsø kule Norway, jua likizama mwishoni mwa Novemba halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Mnyama anayeishi huko, saa yake ya ndani lazima iwe kwenye mwanga, maana joto linadanganya, linaweza kupanda wiki moja na kushuka wiki ijayo, ila urefu wa siku haujawahi kumdanganya mtu. Hata mimba ya ermini inasubiri mwanga. Jike anapandwa kiangazi, kijusi kinaacha kukua kinakaa tu tumboni miezi tisa hata kumi, alafu siku zikianza kurefuka ndo mimba inaendelea kama kawaida na anazaa ndani ya mwezi mmoja hivi.

Weupe wenyewe una kazi mbili. Anawinda, na anawindwa. Umbo lake jembamba ni zuri kwa kuingia kwenye mashimo ya panya chini ya theluji, lakini mwili mwembamba hauhifadhi joto, kwahiyo inabidi ale karibu robo ya uzito wake kila siku, akikosa siku mbili tatu amekwisha. Anaua sungura mkubwa kumpita mara kadhaa, anamrukia shingoni kwa nyuma na kung'ata hapohapo. Na huku yeye mwenyewe anatafutwa na mwewe, bundi na mbweha. Kwahiyo theluji ikijaa, mweupe juu ya nyeupe, panya hamuoni na mwewe hamuoni.

Sasa kama lengo ni kujificha, ncha nyeusi ya mkia ya nini? Si inamfichua? Hili swali ndo nililipenda kuliko yote, na jibu lake nimelisimulia kwa kila mteja aliyekaa kwenye benchi langu. Mwaka 1982 mwanasayansi mmoja wa Marekani, Roger Powell, alitengeneza vinyago vya wanyama hawa, vingine bila doa jeusi, vingine doa likiwa mgongoni, vingine likiwa mwishoni mwa mkia, alafu akavivuta kwa kasi mbele ya mwewe waliofunzwa. Mwewe walipokutana na kinyago chenye doa mkiani walikuwa wanakosa. Jicho la mwewe linashika kile cheusi, anashukia kile, na kile ni mkia mwembamba uko mbali na mwili, makucha yanapita, mnyama anaingia shimoni. Binamu yake mdogo kabisa, yule mwenye mkia mfupi sana, hana ncha nyeusi, na ina mantiki, kwenye mkia mfupi ukimvuta mwewe aje mkiani amekushika na mwili. Yaani lile doa jeusi tunaloliona kwenye mabega ya mfalme, kazi yake porini ilikuwa kuokoa maisha ya mwenyewe.

Turudi kwenye nguo. Kwanini wafalme walimchagua huyu na sio mwingine? Wengine wanasema kwasababu ni laini, na kweli ni laini, manyoya ya baridi ni mafupi, mazito, yanang'aa kama hariri. Lakini mi kama fundi naona sababu kubwa ni udogo wake. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Chukulia ngozi moja ikitandazwa inakupa kipande cha sentimita 25 kwa 8, na hapo nimekuwa mkarimu. Kujaza eneo la kanga moja tu, sio doti, kipande kimoja, unahitaji ngozi 80 na zaidi, na hapo hujakata pindo wala hujapoteza kwenye mshono. Joho la kutawazwa lina mkia unaoburuzwa mita kadhaa na bitana yote ndani ni manyoya. Hizo ni ngozi za mamia, na kila moja lazima iwe ya mnyama aliyekamatwa katikati ya baridi, akiwahi kidogo ana viraka, akichelewa kidogo ana viraka, na mtego usimtoboe ubavuni. Alafu kuna fundi amekaa chini anaziunganisha moja moja mpaka usione pa kuungia. Nguo ya namna hiyo haihitaji kuandikwa bei, kila aliyeiona alijua huyu ana watu mpaka mwisho wa dunia wanaomwekea mitego kwenye theluji.

Na hao wafalme hawakuacha kila mwenye hela avae. England mwaka 1363, enzi za Mfalme Edward wa Tatu, ilitungwa sheria nzima ya nani avae nini kulingana na cheo na mali, na ermini ilikuwa kati ya vitu vilivyowekewa mipaka. Baadae kwenye mavazi ya kutawazwa ya mabwana wa Uingereza, yaani makabaila wenye vyeo, cheo kikawa kinasomeka kwa mistari ya mikia kwenye kile kipande kinachofunika mabega, diuki ambaye ni cheo cha juu mistari minne, baroni wa chini kabisa miwili, na wa katikati wana mitatu na nusu, mitatu, miwili na nusu. Huo mstari wa nusu sio utani, ni mstari unaokaa upande mmoja tu. Kwenye ukumbi umejaa watu ukiangalia bega unajua nani ampishe nani. Sisi tuna yetu, joho la pwani lilivyotarizwa nyuzi za dhahabu shingoni lilikuwa linamtambulisha mtu kabla hajafungua mdomo, na bara ngozi ya chui hakuivaa kila mtu, ndo maana hili halikunishangaza sana. Mbega pia, mweusi kwa mweupe, manyoya yake marefu wamorani wa Kimasai waliyafunga miguuni.

Kitu kingine kinachochanganya ni zile alama kwenye bendera na ngao. Wachoraji wa nembo za Ulaya walichukua manyoya ya ermini wakayageuza mchoro, nyeupe na juu yake alama nyeusi ndogo ndogo, kila alama ina mkia chini na vidoti vitatu juu. Vile vidoti vitatu ni vishikizo vinavyobana mkia kwenye nguo, yaani mchoro unamuonyesha fundi alipopiga sindano. Nilifurahi mno nilipoona hilo. Eneo la Bretagne, magharibi ya Ufaransa, limeibeba alama hii kuliko wote, mwaka 1316 mtawala wao Jean wa Tatu aliifanya ngao yake kuwa ermini tupu bila kitu kingine, na hata bendera yao ya sasa iliyobuniwa miaka ya 1920, yenye mistari mieusi na mieupe, ina kona imejaa zile alama za mikia.

Kutoka hukohuko Bretagne kuna usemi unaoenda na huyu mnyama, kwamba bora kufa kuliko kuchafuka. Hadithi ni kwamba ermini akikimbizwa na wawindaji akafika kwenye tope, anasimama akubali kukamatwa kuliko kuchafua manyoya yake meupe. Watu waliiamini karne na karne. Leonardo da Vinci mwenyewe, yule mchoraji wa Italia, aliiandika kwenye daftari zake, akaongeza kwamba ermini ana kiasi, anakula mara moja tu kwa siku. Mchoro wake maarufu wa binti Cecilia Gallerani amempakata mnyama mweupe, ambao uko Kraków, Poland, unachimbwa maana zake na wataalamu mpaka leo, wengine wanasema ni usafi wa yule binti, wengine wanasema ni mpenzi wake Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, ambaye mwaka 1488 alipewa nishani ya Ermini na mfalme wa Napoli, wengine wanasema ni mchezo wa jina lake Gallerani na neno la Kigiriki la mnyama wa jamii hii. Inawezekana ni vyote kwa pamoja.

Na Malkia Elizabeth wa Kwanza ana picha ya mwaka 1585, iko Hatfield House huko England, ermini amekaa kwenye mkono wake amevaa kola ya dhahabu mfano wa taji, ishara ya malkia asiyeguswa. Lakini angalia vizuri yule mnyama kwenye picha, mchoraji amempaka madoa meusi mwilini! Labda alikuwa amezoea kuiona nguo mpaka akadhani mnyama naye yuko hivyo. Binti yangu alifanya kosa lilelile, tena mbele ya manyoya ya Kariakoo.

Sasa kuhusu usafi, mi sitaki kumsingizia mnyama. Ermini anaogelea, anaingia matopeni, anapita kwenye mashimo ya panya, na midomo yake ina damu kila siku ya maisha yake. Kula mara moja kwa siku angekufa. Na nimewaza sana jinsi binadamu tunavyowapachika wanyama tabia zetu, maana Ulaya ermini ni alama ya ubikira, huku kwetu binamu yake jina lake limegeuzwa tusi mtaani, mwanamke akiitwa kicheche unajua ametukanwa nini. Wote wawili ni wawindaji wadogo wenye njaa. Kicheche wetu weusi na weupe wake ni onyo, ukimsogelea anakutolea harufu utajuta, ermini weupe wake ni wa kutoonekana. Hakuna hata mmoja aliyechagua rangi kwa ajili yetu.

Tusidhani pia heshima hii ni ya Ulaya peke yao. Kwa Watlingit na Wahaida, watu wa pwani ya Alaska na Canada, machifu walivaa kichwani kipambo cha mbao iliyochongwa, juu kimezungushiwa sharubu za simba bahari, na nyuma zinashuka ngozi nzima nzima za ermini zinazochezacheza mtu akicheza ngoma. Wablackfoot wa nyanda za ndani za Amerika Kaskazini walikuwa na mashati ya watu wenye heshima zao, mikononi yananing'inia matamvua ya ermini. Hao hawakusubiri kufundishwa na mfalme yeyote wa Ulaya. Walimuona mnyama yuleyule kwenye theluji yao, anavyowinda, anavyogeuka, wakampa uzito wao wenyewe.

Afrika yetu nayo aliwahi kufika, na stori hii inaniumaga. Napoleon wa Ufaransa alijitawaza Desemba 2, 1804 pale Notre-Dame, Paris, na joho la mahameli jekundu lililotariziwa nyuki wa dhahabu na bitana ya ermini, zito kiasi kwamba walihitajika watu wa kumshikia. Mwaka 1977, Desemba 4, Jean-Bédel Bokassa, mtawala wa Afrika ya Kati, akajitawaza mfalme mkuu wa nchi hiyo kule Bangui kwa kumfuata Napoleon hatua kwa hatua, mahameli jekundu, mkia mrefu unaoburuzwa, ermini pembeni, kiti cha enzi chenye umbo la tai wa dhahabu. Sherehe inatajwa kugharimu dola milioni 20 hivi, nchi ikiwa kati ya maskini kabisa duniani. Manyoya ya mnyama wa theluji, kwenye joto la Bangui. Septemba 1979 aliondolewa, na Wafaransa haohao waliokuwa marafiki zake. Mi nikiwaza lile joho nawaza mafundi waliokesha kulitariza, na watu wa Bangui waliosimama barabarani siku ile.

Siku hizi nguo nyingi zinazoitwa ermini sio ermini. Na wala sio jambo jipya, tangu zamani mafundi walikuwa wanatumia manyoya mengine meupe, kama sungura, na madoa wanaweka vipande vya ngozi nyeusi ya mwanakondoo badala ya mikia. Majoho ya mabwana wa bunge la Uingereza mengi ni sungura au bandia. Mfalme Charles hakushonewa jipya, lile jekundu aliloingia nalo kanisani na lile la zambarau alilotoka nalo yote yalikuwa ya babu yake George wa Sita, ya mwaka 1937. Na 2024 ikulu yao ikasema Malkia Camilla hatanunua tena nguo mpya za manyoya halisi. Taji zao zote mbili kubwa bado zina ukanda wa ermini chini, pale taji linapogusa kichwa. Ukiangalia picha yoyote ya karibu utaviona vidoa.

Mnyama mwenyewe hayuko hatarini kuisha, wapo wengi, na kuna mahali wamezidi. New Zealand waliwaingiza miaka ya 1880 ili wawale sungura waliokuwa wanaharibu malisho, na wataalamu wa ndege walionya mapema. Wakaingia msituni wakakuta ndege wasioruka, hawajawahi kumjua mnyama wa aina hii, na mpaka leo vifaranga wa kiwi wanauawa kwa wingi na serikali imejiwekea lengo la kuwaondoa ermini kabisa ifikapo 2050. Kosa ni la waliowapakia melini.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni lile la mwanga. Urefu wa siku haubadiliki, lakini theluji inabadilika. Dunia ikipata joto, theluji inachelewa kuanguka na inawahi kuyeyuka, ila mwili wa mnyama unaambiwa na mchana ule ule wa miaka yote kwamba muda umefika, vaa nyeupe. Kwahiyo anajikuta mweupe juu ya majani makavu ya kahawia. Kwenye msitu wa Białowieża, Poland, wamefuatilia yule binamu mdogo asiyekuwa na ncha nyeusi, pale kuna wanaogeuka weupe na wanaobaki kahawia wakiishi pamoja, na miaka ambayo theluji ni ya siku chache weupe wanapungua, mwewe na bundi wanawaona kirahisi. Nguo iliyokuwa inamficha ndo inamuuza.

Lile joho la mtoto nililimaliza. Madoa niliyokuwa nimepiga kwa brashi nikayaacha yale ya mgongoni, lakini kola nikaifumua, nikakata vipande vyembamba vya manyoya meusi, nikashona kila kimoja kwa vishikizo vitatu juu, kikaning'inia. Binti yangu akanisaidia kuhesabu, vikawa 22. Akaniuliza kama ermini naye anahisi baridi usiku. Nikamwambia nilichosoma, kwamba akishaua panya na kula, anachukua yale manyoya ya panya anaenda nayo shimoni, analipamba shimo ndani kote, ndo analala humo.

"Yaani anaweka bitana," akasema.

Ndiyo, anaweka bitana.